Beki wa Kuazima

Timu ikishindwa ugenini hairudi kwa mlango iliotokea. Wakati wa kwenda tulipita mbele, kwa ngoma, bendera na hotuba. Wakati wa kurudi tulipitishwa mlango wa pembeni wa uwanja wa ndege, na aliyekuja kutulaki alikuwa dereva wa basi letu peke yake. Alitutazama, akatazama mabegi, akasema, "Poleni. Pandeni twende." 

Vijana wangu mnaosomea ukocha hapa Garissa, mmeniomba niwaeleze jinsi timu ya taifa inavyojengwa upya baada ya aibu kama ile. Najua mnachotaka. Mnataka mfumo, mishale kwenye ubao, nani apande na nani abaki. Hayo mnayo tayari kwenye simu zenu. Mimi nilikuwa kocha msaidizi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kutazama. Basi nitawaeleza nilichokiona, na nitaanzia kwa beki mmoja wa kushoto, kwa sababu ujenzi wetu ulianzia hapo.

Kocha mkuu alikuwa Makokha, mtu wa magharibi, mfupi, mwenye sauti ya dalali. Wiki tuliyorudi kila mtu nchini alikuwa na dawa yake. Redioni walisema wachezaji wote wafukuzwe. Sokoni walisema makocha wote wafukuzwe. Kinyozi wangu alisema tufukuzwe sote, kisha akaniuliza kama anipunguze na ndevu.

Makokha hakumfukuza mtu. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniwekea kwenye video magoli yote tuliyofungwa.

"Usitazame goli," akasema. "Tazama kilicholitangulia."

Tukatazama, tukarudia, tukatazama tena. Kila goli lilianzia upande wetu wa kushoto. Beki wetu wa upande ule alikuwa kijana mwenye nguvu na moyo, lakini winga akimjia alijitupa chini na kuteleza kwenye nyasi ili auchukue mpira. Akiupata, uwanja mzima ulimshangilia. Akiukosa, winga alimruka kama mtu anayeruka mtaro, akaendelea na safari yake. Makokha akazima mashine.

"Nyumba haijaanguka," akasema. "Kuna mlango mmoja hauna komeo. Tutafute komeo."

Hilo liwe la kwanza kwenu. Mkikabidhiwa timu iliyoshindwa, watu watawataka mbomoe, maana kubomoa kunaonekana. Mfugaji aliyetoka kwenye ukame hachinji waliosalia kwa hasira. Anawakagua mmoja mmoja, anajua amepungukiwa na nini, ndipo anaanza kutafuta.

Sasa, kutafuta. Aliyenifundisha kutafuta ni Mwalimu Nunow, mwalimu wa michezo wa shule niliyosoma hapa hapa mjini. Alikuwa na tabia iliyowafanya watu wamwone ana wazimu: alikuwa akija uwanjani na kiti chake, anaketi, na mpira ukielekea kaskazini yeye anatazama kusini. Siku moja timu yetu ilifunga, sote tukamrukia.

"Mwalimu, goli!"

"Nimesikia."

"Lakini hukuliona!"

"Nimewaona mabeki watatu waliokuwa wakifunga kamba za viatu mpira ulipokuwa huko," akasema. "Goli limekwisha. Hao bado tunao."

Mpira ukiwa mguuni, kila mtu ni hodari. Mtazameni mchezaji mpira ukiwa mbali naye. Mtazameni anapopokonywa: ananyoosha mikono kumlalamikia refa, au amekwisha geuka anakimbia? Nimeajiriwa mara nyingi kwa ajili ya maneno hayo mawili ya Mwalimu Nunow, na kiti chake ninacho mpaka leo.

Shirikisho lilitukubalia tuzunguke kaunti ambazo kwa desturi hazikutafutwa. Garissa tulipewa siku moja ya majaribio. Kesho yake asubuhi Makokha alikuwa anangojewa Pwani. Kwa hiyo tulifika siku moja kabla, tukapitia kwanza kwenye baraza la chifu, na Makokha, kwa nia njema kabisa, akasimama akawaambia wazee:

"Nataka wachezaji wa kutosha timu mbili. Na nataka kila upande wa hapa upate haki yake. Asisahaulike mtu."

Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Wazee walipolisikia neno haki wakatikisa vichwa kwa furaha. Wakasema: hilo tuachieni sisi.

Garini Makokha akaniambia, "Watu wako ni waelewa sana."

"Kupita kiasi," nikamjibu.

Kwa wale kati yenu mliokuja kutoka mbali: hapa kwetu kitu cha wote hakigawanywi na mtu mmoja. Yawe ni maji ya kisima, kazi za barabara au viti vya kamati, wazee wa koo huketi wakazungumza mpaka kila ukoo umepata fungu lake, na fungu likishatajwa halirudi tena mkekani. Kwa utaratibu huo koo nyingi zinanywesha mifugo kisima kimoja bila kupigana. Siucheki. Ila haukutungwa kwa ajili ya mpira.

Jioni ile, baada ya sala ya alasiri, nilishuka hadi soko la mifugo. Nyuma ya mazizi vijana wa malori hucheza mpira kwenye kiwanja cha changarawe na miiba, magoli yake ni madumu. Nikaweka kiti cha Mwalimu. Upande mmoja alikuwapo winga mwenye mbio za ajabu, kijana wa mjini, kila mtu anamjua. Mbele yake alisimama beki mrefu, mwembamba, mwenye ndala zilizofungwa kwa kamba. Winga akaja kwa kasi. Beki hakumkimbilia. Alirudi nyuma hatua chache, akajiweka kwenye bega la ndani la winga, wakaenda sambamba, bega kwa bega, mpaka winga akajikuta amesimama na mpira wake kwenye miiba ya uzio. Beki akanyoosha mguu wa kushoto, akauchukua mpira kama anayeokota kitu chake mwenyewe.

Akafanya hivyo tena. Na tena. Hakulala chini hata mara moja. Na angelalaje? Mtu akiteleza kwenye changarawe ile anaacha ngozi ya paja pale. Kijana aliyekulia kwenye ardhi kama hiyo hujifunza kukaba akiwa wima. Na ile namna ya kwenda begani, hamhitaji kozi kuijua wale mliochunga: ngamia mkaidi humsimamii mbele, atakukanyaga. Unakwenda begani kwake, unambana kidogo kidogo, mpaka anaona ni yeye aliyeamua kugeuka.

Nikamwita. Kisomali tulichozungumza nakitoa hapa kwa Kiswahili.

"Unaitwa nani?"

"Mahat, adeer." Adeer ni ami, ndivyo kijana wa kwetu anavyomwita mtu wa umri wangu. "Natoka Habaswein. Nimekuja na lori la mbuzi."

"Wewe ni wa nani huko?"

Akanitajia baba yake na babu zake. Alipofika babu wa tano nikajua nimeingia taabuni. Alikuwa wa ukoo wangu.

Asubuhi jua halijachomoza vizuri, wazee walikuwa wamekwisha kufika uwanjani na migao yao. Vijana walikuwa wamepangwa kwa mafungu, kila ukoo na fungu lake, wamevaa vizibao vya mazoezi tulivyopeleka. Makokha akaanza kuwauliza mmoja mmoja anacheza nafasi gani. Nikauona uso wake ukibadilika taratibu. Makipa walikuwa watano. Washambuliaji wa kati walitosha kuazima nchi jirani. Viungo walikuwapo. Mabeki wa kati walikuwa wawili, ndugu, na hawakuwa wakisemezana. Beki wa kushoto hakuwapo hata mmoja.

"Mzee," Makokha akamwambia Mzee Dagane, aliyekuwa msemaji wa wazee siku ile, "kipa anacheza mmoja. Kwa nini mmenipa watano?"

Dagane alikuwa na ndevu zilizotiwa hina na Kiswahili cha sokoni. "Kocha, sisi hatukuonea mtu. Kibba ni mtu mkubwa, yeye tu anaguza mbira na mkono. Kila ukoo ilitaka kibba. Tukasema, sawa, kila moja kibba yake."

"Na beki wa kushoto?"

"Hiyo hakuna mtu aliitaka."

Makokha akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Mahat alikuwa amesimama nje ya kamba, nyuma ya fungu la ukoo wetu, na viatu vya mpira alivyoazima kwa mtu mwenye miguu mikubwa kuliko yake. Wazee wetu walikuwa wamejaza nafasi zetu kwa vijana wa mjini wanaojulikana. Walipomwona wakamwambia, bila ubaya, "Wewe ni wa Habaswein. Ngoja wakifika Wajir." Lakini Makokha hakuwa na siku ya Wajir. Mahat alijua. Akikosa pale, lori lake lingerudi Griftu, mbali huko Wajir, kupakia mbuzi wengine, na hakuna kocha wa timu ya taifa atakayekwenda kumtafuta nyuma ya mazizi ya Griftu.

Mtaniuliza, si ungemwita tu aingie? Mimi ndiye niliyekuwa na filimbi. Fikirini vizuri. Kama ningemwingiza kijana wa ukoo wangu juu ya mgao uliokubaliwa, kila mzee angemwita wake arudi nyumbani, na kwa haki. Tungebaki uwanjani Makokha, mimi na Mahat. Na timu ya taifa ingeanza ujenzi wake kwa upendeleo. Kwa hiyo nilinyamaza, na kunyamaza kule kulinichoma.

Asiyenyamaza alikuwa Ebla, shangazi yake Mahat. Ebla huuza maziwa ya ngamia karibu na uwanja, na kwangu ni binti ami. Alikuja na dumu lake la njano mkononi, akapita kamba kama haipo, akasimama mbele yangu.

"Walaal, ndugu yangu, wewe ni ami wa nani hapa?"

"Ebla, leo mimi ni ami wa wote."

"Ami wa wote ni ami wa hakuna." Akawageukia wazee. "Na nyinyi! Nimeona mkigawa nyama ya arusi, nimeona mkigawa maji. Leo mmegawa na makipa! Watano! Mtamfunga nani, ukuta?"

Vijana wakacheka. Mzee mmoja akamwambia arudi kwenye maziwa yake.

"Nitarudi. Lakini ukame uliopita, mlipokuja kwangu mnalia hakuna maziwa ya watoto, ngamia niliyewakamulia alikuwa wangu? Alikuwa wa kuazima, kutoka kwa watu wa huyu." Akamnyooshea Dagane kidole. "Hakutuambia ngojeni mvua ya Wajir."

 Dagane akachora kitu mchangani kwa bakora yake, akakifuta. Wazee wenzake wakamngojea. Ninyi mliozaliwa mjini huenda hamjui: aliyenusurika na ngamia wengi humwazima jirani yake ngamia mwenye maziwa. Aliyeazimwa anakunywa maziwa, watoto wake wanaishi. Mvua ikirudi, ngamia anarudi kwa mwenyewe, na ndama aliyezaliwa huko anarudi pamoja naye. Hakuna anayekuwa ombaomba na hakuna anayepoteza mali.

"Fungu la watu wangu," Dagane akasema mwishowe, "lina makipa wawili, maana mmoja tulipewa kufidia kiungo tuliyemkosa. Nafasi ya mmoja nawaazima watu wa ukoo wa huyu kijana wa Habaswein. Siitoi. Nawaazima."

Minong'ono ikaanza. Mzee mwingine akauliza, "Na akivunjika mguu?"

"Ngamia akifa mikononi mwa aliyeazimwa bila uzembe, kuna dai?"

"Hakuna."

"Basi."

"Na ndama?"

"Ndama ni wangu," Dagane akasema. "Sijui ndama wa nafasi ni mnyama gani, lakini akizaliwa ni wangu." Akaninyooshea mimi bakora. "Wewe ni shahidi."

Makokha akaninong'oneza, "Wanasema nini?"

"Tumepata beki wa kushoto."

"Ametoka wapi?"

"Kwenye kipa."

Kipa aliyeondolewa aliitwa Yakub, mjukuu wa Dagane, kijana mrefu kuliko mlango. Nilimfuata kumpa pole. Alikuwa amekwisha vua kizibao, anampa Mahat.

"Chukua, ndugu yangu, kinanibana," akamwambia. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Adeer, usihuzunike. Mimi kipa wa wapi? Walinichagua kwa sababu nafika kwenye mwamba bila kuruka. Mpira ukija chini siuoni."

Nusu ya kwanza ya mechi ya majaribio Makokha hakumwona Mahat hata kidogo. Aliniambia wazi: "Huyu wa kushoto hagusi mpira. Unamjua?"

"Ni damu yangu," nikasema. "Usiniulize habari zake."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuandika. Yule winga wa mjini niliyemwona sokoni alikuwa amepangwa timu nyingine, kumkabili Mahat. Mpira haukwenda huko kwa sababu kila ulipokwenda ulikufa. Lakini kitu kinachokufa kimya hakionekani, hata na kocha mzuri. Nilimtazama Mahat. Alikuwa akijisogeza hatua mbili huku, moja kule, mpira ukiwa upande wa pili kabisa wa uwanja. Mwalimu Nunow angetabasamu. Mimi sikuweza hata kutabasamu, maana Makokha angeniona.

Katikati ya nusu ya pili Makokha akainua kichwa ghafla.

"Yule winga mbona amehama?"

Ni kweli. Winga alikuwa amevuka uwanja mzima, anacheza upande wa kushoto, upande ambao mguu wake haukuuzoea.

"Umemwambia ahame?" akaniuliza.

"Hapana."

"Mimi pia hapana." Akasimama. Akaweka kalamu sikioni kama fundi, akaacha kuufuata mpira, akaanza kumtazama Mahat. Alimtazama mpaka filimbi ya mwisho.

Hilo liwekeni akilini, ndilo somo la bei kubwa kuliko yote ninayowapa leo. Beki mzuri hamtamjua kwa anachokifanya. Mtamjua kwa wanaomkimbia. Winga akihama bila kutumwa na kocha wake, mtafuteni aliyemhamisha.

Kambini mambo hayakuwa mepesi. Mahat alipokanyaga nyasi mara ya kwanza alivua viatu akazikanyaga kwa nyayo, wenzake wakamcheka. Kocha wa viungo akataka kumfundisha kuteleza, Makokha akakataa katakata: "Tumesafiri mpaka Garissa kumtafuta asiyelala, wewe unataka kumlaza?" Chakula nacho kilikuwa vita. Mahat alikuwa akimenya ndizi mbivu, anaikatia juu ya wali na nyama, anakula pamoja. Nahodha wetu, kijana wa Nairobi, akamwuliza, "Manze, hiyo ni lunch ama ni dessert?" Mahat akamsogezea sahani. Nahodha akaonja kwa dharau, kisha akaonja tena. Kufikia mwisho wa kambi mpishi alikuwa akilalamika kwamba ndizi hazifiki hata chai ya saa nne. Msicheke. Timu iliyoshindwa huwa haitazamani mezani. Siku niliyowaona wakigombea ndizi nilijua tumeanza kupona.

Wakati ule ndipo vilipoanza kuja vile vizibao vyenye kifaa mgongoni, vinavyohesabu mwendo wa mchezaji. Kijana wa takwimu akatuletea ripoti: Mahat anakimbia kidogo kuliko wote. Nikamwambia, anayejua pa kusimama hahangaiki. Hakubishana nami, akanionyesha mstari mwingine. "Sawa, lakini angalia hapa, mzee. Dakika za mwisho anakufa kabisa." Alikuwa sahihi, na macho yangu hayakuliona hilo. Tulipomchunguza Mahat tukagundua kwamba hanywi maji. Amezoea kuchunga kutwa nzima bila tone, na kwake kunywa mapema ni udhaifu. Tukamfundisha kunywa kabla kiu haijaja. Ilituchukua muda mrefu kuliko kumfundisha mfumo wowote. Kwa hiyo msivitupe vifaa, wala msiwaonee haya wazee wenye viti. Tumieni vyote viwili.

Mechi ya kwanza ya timu mpya tulitoka sare bila bao. Magazeti yakasema tumerudi pale pale, hatujui kufunga. Makokha alikuwa akiimba bafuni. Wageni walikuwa na winga hatari kuliko wote waliotuaibisha, na nusu ya pili alihamia upande mwingine.

Kesho yake Mzee Dagane akanipigia simu. Alikuwa amesikiliza mchezo wote redioni.

"Jina la ngamia wangu sikulisikia," akasema. "Mtangazaji amemtaja kila mtu, hata mwokota mipira. Mmemficha wapi?"

"Mzee, beki mzuri hatajwi."

"Sasa maziwa yako wapi?"

"Wageni wamefunga mangapi?"

 "Hawakufunga."

"Ndiyo hayo maziwa."

"Mm," akasema, na nikamsikia akimweleza mtu aliyekuwa kando yake. "Ni machache, lakini hayana maji."

Mlango wa kushoto ulipopata komeo, wa kulia ulijirekebisha wenyewe, viungo wakathubutu kwenda mbele, na kidogo kidogo tukaanza kufunga. Hatukuleta kombe. Lakini mashindano yaliyofuata tulivuka makundi, na tuliporudi tulipita mlango wa mbele. Dereva wa basi alikuwa pale pale. Akatazama mabegi, akasema, "Leo mtangoja. Wanataka picha."

Mimi nilistaafu baada ya hapo. Mahat alicheza misimu yake, kisha goti likamwambia inatosha, akarudi huku kwetu. Kila likizo alipokuwa bado mchezaji alikuwa akija Garissa, na niliona anafanya jambo ambalo hakunieleza: alikuwa akimchukua Siyad, mdogo wake Yakub, wanakwenda wawili kwenye kile kiwanja cha miiba nyuma ya mazizi. Mimi nikadhani ni urafiki wa familia.

Mwezi uliopita Mahat alinipigia simu. "Adeer, nakuhitaji kwa Mzee Dagane baada ya sala ya adhuhuri. Kama shahidi."

Tulimkuta Dagane ameketi kivulini mwa ukuta wake. Macho yamempungukia sasa. Yakub alikuwapo, amefungua duka la vifaa vya ujenzi, bado anainama mlangoni. Ebla alikuwa ametuletea maziwa, akabaki kusikiliza.

"Nani hao?" Dagane akauliza.

"Ni Mahat, mzee. Nimemrudisha ngamia."

Dagane akanyoosha mkono kuelekea sauti ile. "Umechelewa. Mvua zimenyesha mara nyingi."

"Nilikuwa nangoja ndama akomae." Akamsogeza Siyad mbele.

Mzee akainama, akampapasa kijana miguu, kutoka gotini hadi kwenye kifundo, polepole, kama anayekagua mnyama mnadani. Siyad akajizuia kucheka.

"Mguu gani?"

"Wa kushoto," Mahat akajibu. "Anakaba akiwa wima. Makocha wa timu ya taifa ya vijana wamemwona wenyewe. Wamemwita."

Mnajua ninyi nyote hali ya timu ile ya vijana. Nayo ilirudi karibuni kwa mlango wa pembeni, na wiki ijayo kuna majaribio hapa hapa. Siku hizi makocha huchagua wenyewe wachezaji walio wengi, na nafasi chache tu ndizo huachiwa wazee wa koo wazigawe. Ya ukoo wa Dagane ni moja, na sote tulijua ilikuwa imewekwa kwa ajili ya Siyad.

 Yakub akasema, "Babu, basi yamekwisha. Ngamia kaja na ndama kaja."

"Hayajaisha," mzee akasema. "Ndama huyu kaitwa kwa miguu yake mwenyewe. Hahitaji nafasi yangu. Basi nafasi iko zizini, haina mtu." Akageuza uso kuelekea alikosikia pumzi ya Ebla, kisha kuelekea kwangu. "Mwaka huu ukame uko kwa nani?"

Tukaanza kuulizana ni kijana wa ukoo gani atakayebaki nje ya kamba.